Simuleta isiyojua kuharibika haitakusaidia

Umeme ulikatika kama saa mbili usiku. Nilikuwa chumbani kwangu Njiro, waya zimejaa mezani. Upande mmoja kulikuwa na bodi niliyoipa kazi ya kujifanya kompyuta ya hewa ya ndege, ile inayopima mgandamizo na kutoa mwinuko na kasi. Upande wa pili laptopu, ndiyo skrini ya rubani. Bodi ilikuwa inakula umeme wa ukutani, ikazimika. Laptopu ina betri, ikaendelea kuwaka. Mdogo wangu akanimulikia kwa simu, akacheka.

"Kaka, umeme umekata lakini ndege yako bado inajua iko Kisongo."

Skrini ilikuwa inasoma futi 4,550. Ndio mwinuko wa uwanja wa ndege wa Arusha, ule wa Kisongo, namba safi kabisa, ila hakukuwa na anayeituma. Programu yangu ilikuwa imeshika namba ya mwisho na kuing'ang'ania. Wiki tatu nzima nilikuwa napima mfumo ule na kujipongeza, kumbe simuleta yangu haikuwahi kunyamaza hata mara moja.

Kwa hiyo wewe unayeanza kuunda vifaa vya elektroniki vya ndege kwa kuigiza mezani, achana kwanza na picha nzuri za Mlima Meru kwenye skrini. Tengeneza vitufe vya kuharibu. Kimoja kinyamazishe laini ya data. Kingine kigandishe namba. Kingine kishushe ghafla zile volti 28 za umeme wa ndege, maana ndivyo inavyokuwa starta ya injini inapovuta betri, na kuna vifaa huzima na kujiwasha upya hapohapo.

Kwenye laini za ARINC 429, utaratibu ambao vifaa vya ndege hutumia kutumiana data, kila neno, yaani kifurushi kimoja cha data, lina biti 32, zile 0 na 1. Kwa namba kama mwinuko, biti ya 30 na ya 31 zipo kumwambia mpokeaji kama namba inaaminika: 11 maana yake kazi inaendelea kawaida, 00 ni hitilafu. Wengi tunaandika 11 na kusahau. Zibadili makusudi, uone kama skrini inafuta namba au inaendelea kumdanganya rubani. Mtumaji akizimika kabisa, hakuna biti itakayokuja kukuambia. Mpokeaji ahesabu muda mwenyewe. Mwinuko hutumwa zaidi ya mara kumi kwa sekunde, kwa hiyo kimya cha sekunde nzima ni kirefu mno. Skrini yangu siku hizi, kukiwa kimya, inachora vistari badala ya namba.

Halafu, ukiweza, mtumaji na mpokeaji wasiandikwe na mtu mmoja. Kila neno lina lebo inayosema limebeba namba gani. Lebo ya mwinuko ni 203 kwa hesabu ya msingi wa nane, yaani 10000011 kwa biti, na biti za lebo husafiri kwa mpangilio uliopinduliwa ukilinganisha na za data. Mimi nilisahau kupindua pande zote mbili, basi zikaelewana kama watoto wa tumbo moja. Siku nilipoazima kipimo halisi cha laini, kikasoma 301. Andika hiyo 10000011 kinyumenyume, irudishe kwenye msingi wa nane, utaiona.

Wakubwa nao yamewakuta. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilisambaratika angani kabla ya kumaliza dakika moja. Kifaa chake cha kupima mwelekeo kilirithiwa kutoka Ariane 4, na namba ya kasi ya mlalo ikazidi nafasi ya biti 16. Kwenye majaribio ya mfumo mzima ardhini kifaa chenyewe hakikuwemo. Programu ilikuwa inaigiza majibu yake. Ndiyo maana mimi naanza na vyote vya kuigiza, kisha naingiza kifaa halisi kimoja kimoja, nikianza na kile ninachojidai nakijua.

Bodi yangu haijapanda ndege, na bila kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, haitapanda. Inabaki Njiro. Mdogo wangu ndiye mwenye kazi ya kuchomoa plagi, na haniambii anachomoa lini.