Kabla Hujapanda Mashua Katika Delta ya Mekong

Nimekwenda mara mbili katika vijiji vya delta ya Mekong, kusini mwa Vietnam, na safari hizo hazikufanana hata kidogo, ingawa zote mbili ziliuzwa kwa maneno yaleyale ya siku moja ya mto, mashua na maisha ya kijijini. Ya kwanza ilinipotezea siku. Ya pili ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya, kwa kuwa kilichozitofautisha si bei, bali ni mahali nilipolala usiku wa kuamkia safari.

Mara ya kwanza nililala Ho Chi Minh City, jiji ambalo wenyeji wengi bado huliita Saigon, nikapanda basi la watalii hadi My Tho, mwendo wa kilomita 70 hivi. Tulipofika mtoni jua lilikwisha kuwa kali. Tulipakiwa kwenye boti kubwa, tukapelekwa kwenye kisiwa ambako tulinyweshwa chai ya asali, tukaimbiwa, tukapitishwa kwenye maduka, na mwishowe tukatiwa wannewanne katika mitumbwi iliyofuatana kwa foleni ndani ya mfereji mwembamba kwa muda usiozidi robo saa. Sikumwona mwanakijiji hata mmoja asiyekuwa akiuza kitu. Sisemi kwamba watu wale walitudhulumu, maana tulipata kila kilichoandikwa kwenye karatasi. Kosa lilikuwa langu kudhani kwamba mto unaweza kuonekana saa tano mchana.

Kitu kimoja tu cha siku ile ningependa kukirudia, nacho ni karakana ya peremende za nazi, ambazo ndizo fahari ya eneo la Ben Tre, ng'ambo ya pili ya mto. Tui zito huchemshwa pamoja na sukari ya kimea hadi ligeuke kuwa donge la kahawia, likatandazwa likiwa bado la moto, kisha akina mama wakalikata vipande na kuvifunga kwa kasi ambayo jicho halifuatilii. Kwangu mimi niliyekulia Tanga, ilikuwa kama kumwona binamu wa kashata. Ukipewa kionjo, bandua karatasi ya nje peke yake. Ile ya ndani, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, imetengenezwa kwa mchele na huliwa. Mimi nilihangaika kuibandua kwa kucha hadi mama mmoja akaniondolea taabu kwa kutia yake mdomoni mbele yangu huku akicheka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba ufanye kama nilivyofanya mara ya pili: ulale Can Tho, jiji lililoko kilomita 170 hivi kutoka Ho Chi Minh City, na ukodi mashua ndogo ya watu wawili au watatu kupitia mwenye nyumba ya wageni. Mnapopatana bei, pataneni kwa saa na si kwa idadi ya vituo, kwa sababu nahodha anayelipwa kwa vituo atakupitisha kila mahali mbiombio. Ondokeni saa 11 alfajiri. Soko la Cai Rang, linalofanyika juu ya maji, liko kilomita chache tu kutoka mjini, na kufikia saa tatu asubuhi shughuli huwa imepungua sana.

Pale sokoni angalia juu kabla ya kuangalia chini. Kila mashua ya mwuzaji wa jumla husimamisha mti mrefu, na juu yake huning'inizwa kile kinachouzwa, iwe nanasi, boga au kabichi, ili mnunuzi akitambue kwa mbali bila mtu kupiga kelele kushindana na injini. Nguo zilizoanikwa si bidhaa, kwani familia nyingi huishi humohumo chomboni.

Baada ya soko, ombeni kuingia kwenye mifereji midogo, ambako ndiko vijiji viliko. Jambo ambalo vipeperushi haviligusi ni kwamba maji ya huku hupanda na kushuka kwa kufuata bahari, kama yanavyofanya kwenye mikoko yetu. Mwulize nahodha usiku uliotangulia maji yatajaa saa ngapi. Sisi tuliingia yakiwa yanakupwa, na mara mbili yule mama aliyekuwa akituongoza alizima injini, akashika kasia na kusukuma chombo kwenye tope. Mara ya tatu kilichotuzuia ni gugumaji, lilelile linalowatesa wavuvi wa Ziwa Victoria, lililojizungusha kwenye panga la injini; alilikata kwa kisu akalitupa, ingawa huku mashina yake hukaushwa na kusukwa vikapu.

Kuhusu chakula, Waislamu wajue kwamba mchuzi wa tambi za asubuhi, hu tieu, kwa kawaida hutokana na mifupa ya nguruwe, hata bakuli likiwa na kamba peke yake. Neno la kukuokoa ni "chay", linalotamkwa karibu sawa na chai yetu, lakini maana yake ni chakula kisicho na nyama wala samaki. Ukitaka chai yenyewe utahitaji neno jingine.

Beba kofia pana, noti ndogondogo, na koti la mvua ukienda kati ya Mei na Novemba. Kuhusu noti, kuwa mwangalifu: ya dong 20,000 na ya dong 500,000 zote ni za buluu, na kwenye mwanga hafifu wa alfajiri nilikaribia kununua kahawa kwa bei ya chakula cha siku kadhaa.

Tuliporudi kupitia sokoni, saa nne hivi, mashua zilikuwa chache. Bara­bara na madaraja yamewavuta wafanyabiashara wengi nchi kavu, na yule mama alinielekeza kwa kidole kwenye chombo kimoja kikuukuu ambacho mti wake haukuwa na tunda lolote, ila kuti kavu la mnazi. Nilidhani wanauza makuti. Akatikisa kichwa, akapiga ubao wa mashua yake kwa kiganja: kuti likitundikwa, kinachouzwa ni chombo chenyewe.