Shanga za bibi hazikuja na msafara

Mbukwenyi, wahariri.

Wiki hii mmetuuliza: ni kitu gani cha kila siku nyumbani kwako, kiwe chombo, desturi au mchezo, ambacho ni cha kale kuliko watu wanavyodhani? Nililisoma swali kwa sauti wakati wa chakula cha usiku, na kila mtu akaja na lake. Mume wangu akasema bao. Sikushangaa, jioni zake zote zimeishia kwenye bao chini ya mwarobaini. Binti yangu akasema ugali. Huyo nilimjibu palepale: ugali upi? Mahindi asili yake ni Mexico, na huku yalifika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari zile kubwa. Angesema ugali wa uwele au wa mtama tungeongea, maana nafaka hizo ni za Afrika hii hii na zimelimwa zaidi ya miaka 4,000. Lakini kilichokuwa mezani ni sembe, kwa hiyo akanyamaza akaendelea kumega.

Jibu langu lilikuwa kwenye sahani ya bati karibu na mlango. Shanga.

Nauza shanga hapa Dodoma, Majengo, huu mwaka wa kumi na tisa. Za mkononi, za shingoni, za kiunoni (wanaozinunua wananong'ona, na waume zao wakipita wanajifanya hawajui ni za nini), na zile za watoto wachanga. Za watoto ndizo zinazotoka kila siku. Mama anamfunga mwanawe uzi mmoja kiunoni. Ukianza kubana anajua mtoto ameongezeka, ukilegea anakwenda kliniki bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Bibi mmoja aliwahi kuniambia kwamba mizani ya zahanati inaweza kuharibika, uzi hauharibiki.

Sasa, ukimuuliza mtu yeyote sokoni shanga zimetoka wapi, atakwambia zimeletwa. Waarabu, Wahindi, Wazungu, na siku hizi Wachina. Hata marehemu bibi yangu mzaa mama, Mrangi wa Kisese kule Kondoa, alikuwa akisema shanga ni mali ya watu wa pwani, zilipanda huku vichwani mwa wapagazi. Mimi nilikua na hadithi hiyo na nikawa naiuzia pamoja na bidhaa.

Kwa shanga za kioo, bibi alikuwa sahihi. Ninazouza mimi nanunua Kariakoo kwa kilo. Za bei nafuu ni za China. Zile zilizolingana vizuri, ambazo Wamasai hawakubali kubadilishiwa, ni za Kicheki, kutoka upande wa mji unaoitwa Jablonec. Kabla ya hapo zilikuwa za India na za Venice, ambako mwaka 1291 mafundi wa vioo wote waliamriwa kuhamishia tanuri zao kisiwa cha Murano kwa kuogopa mji kuungua.

Na huku kwetu Ugogo zilikuwa hela. Burton, msafiri wa Kiingereza, alipopita mwaka 1857 aliandika kwamba kulikuwa na aina za shanga zipatazo 400 katika biashara ya bara. Zilizopendwa kuliko zote ni nyekundu, samesame, na wafanyabiashara walizipa jina la utani ambalo kwa Kiswahili cha leo ni kivunja mji, kwa sababu, alivyoambiwa, wanawake walikuwa tayari kujifilisi wao na waume zao ili wazipate. Mume wangu alipolisikia hilo alicheka mpaka akapaliwa. Nikamwambia acheke taratibu, kwa sababu kitabu hichohicho kinasema wanaume nao walikuwa wakitoa chakula chao ili wapate shanga hizohizo.

Balaa la mwenye msafara lilikuwa kwamba kila nchi ilikuwa na fasheni yake. Stanley, mwandishi wa habari, mwaka 1871, akiwa njiani kumtafuta mmisionari Livingstone, alilalamika kwamba shanga nyeusi zilikuwa pesa halali Ugogo, lakini ukivuka Ugogo hakuna anayezitaka hata bure. Zile kubwa kama yai, sungomaji, zilikwenda Ujiji, kwingine zikataliwe. Ukikosea hesabu kule Bagamoyo unajikuta katikati ya nchi na mizigo ya watu kumi isiyonunua hata kuku. Mimi namwelewa kabisa. Mwaka fulani nilijaza duka shanga za rangi ya zambarau kwa sababu muuzaji wa jumla aliniapia kwamba ndizo zinazotoka. Zilitoka, ndiyo, baada ya miaka mitatu.

Hapa nipenyeze jambo ambalo halimo kwenye swali lenu lakini ni la kwetu. Msafara ukishavuka nyika ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo, ulilazimika kulipa hongo kwa kila mtemi. Nchi kame hii, visima vina wenyewe, na anayetaka maji alipe: doti kadhaa za kitambaa cha merikani, shanga kadhaa, ndipo apite. Wasafiri wamejaza kurasa kulalamikia hongo ya Wagogo. Lakini ilikuwa inadaiwa hadharani, kwa majadiliano ya siku mbili tatu, kila mtu akiona. Neno ni lilelile. Siku hizi hongo hailipwi hadharani.

Nirudi kwenye shanga. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu, anayesoma mambo ya kale chuoni, alikuja kulala kwangu akiwa njiani kwenda Kolo kuona michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2006. Akanikuta natunga. Akaniuliza, "Mama mdogo, unajua baadhi ya shanga za zamani kabisa katika nchi hii zimechimbwa wapi?" Nikasema Kilwa. Akatikisa kichwa. Nikasema Bagamoyo. Akacheka, akasema, "Kisese."

Nilidhani ananitania kwa ajili ya bibi. Kumbe hapana. Kule Kisese kuna pango la mwamba ambalo wataalamu wanaliita Kisese II. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alichimba pale kwa majaribio miaka ya hamsini mwanzoni, kisha mwaka 1956 akaja mwenzake Raymond Inskeep akachimba kwenda chini, tabaka baada ya tabaka. Vilivyotoka vilihifadhiwa, na miaka mingi baadaye watafiti wakavirudia na kuvipima umri upya, majibu yakatoka 2018. Ndani yake mna shanga zilizochongwa kutokana na ganda la yai la mbuni, na zile za chini kabisa zina zaidi ya miaka 40,000. Elfu arobaini! Kioo hakijabuniwa, jembe halijabuniwa, hakuna ng'ombe wa kufugwa popote duniani, na hapo hapo ambapo bibi yangu alikuwa akichanja kuni kuna mtu amekaa kwenye kivuli cha mwamba anatoboa shanga.

Wala si za kwanza duniani. Kule Blombos, Afrika Kusini, kuna za makombe madogo ya baharini zenye miaka kama 75,000. Lakini hizo za makombe walizitoboa tu, umbo ni la mnyama mwenyewe. Za ganda la mbuni ni jambo jingine. Ganda lile lina unene wa milimita mbili hivi, na duara halikuwemo ndani yake. Duara ni la fundi.

Kijana akanieleza zinavyotengenezwa: unavunja ganda vipande vidogo, unatoboa kila kipande kwa ncha ya jiwe, unavitunga kwenye uzi, halafu unavisugua juu ya jiwe mpaka pembe ziishe. Niliposikia hivyo mikono ilianza kuniwasha. Yai la mbuni sina, na sheria za wanyamapori sitaki kesi nazo. Nilichukua kifuu cha nazi. Nikakivunja kwa nyundo kwenye kizingiti, nikachagua vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, nikaanza kutoboa kwa msumari niliousaga ncha. Kipande cha kwanza kilipasuka. Cha pili kikapasuka. Cha tatu nikajifunza: hutoboi upande mmoja mpaka mwisho, unafika katikati, unageuza, unakutana na tundu lako kutokea upande wa pili. Tundu linakuwa pana nje, jembamba katikati. Kijana akafungua simu akanionyesha picha ya ushanga wa kale uliokatika. Tundu lake lilikuwa hivyohivyo.

Kutoka magharibi mpaka kelele za mtaa zilipoanza kutulia nilikuwa na shanga saba, mbaya, kila moja na sura yake. Moja ina pembe nne, nyingine kama jino. Nikazitunga kwenye uzi wa mshipi ninaotumia dukani, nikazibana kwa kukaza fundo huku na huku, nikaanza kuzisugua zote kwa pamoja kwenye jiwe la kunolea visu, nikizungusha kidogokidogo. Hapo ndipo nilipokaa kimya. Zilikuwa zinaanza kufanana. Hakuna aliyezipima, uzi ndio unaozipima. Iliyotokeza inasuguliwa kwanza, iliyo ndogo inasubiri wenzake wafike. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikidhani nauza ushanga, na uzi ni wa kushikia tu.

Baadaye kijana alinitumia habari nyingine iliyonifanya niache chai ipoe. Mwaka 2021 watafiti wawili, Jennifer Miller na Yiming Wang, walitoa vipimo vya shanga za mbuni zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31 ya Afrika Mashariki na Kusini. Kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita, shanga za huku na za kule kusini, mwendo wa kilomita 3,000, zilikuwa karibu sawa kabisa kwa ukubwa na umbo, kana kwamba zimetoka kwa mwalimu mmoja. Kisha mawasiliano yakakatika. Wao wanaona sababu ni hali ya hewa, mvua zilipohama na bonde la Zambezi likawa la mafuriko. Kusini waliacha kwa maelfu ya miaka, na waliporudia walikuja na kipimo kingine. Huku mashariki waliendelea na kilekile.

Mteja wangu mmoja, dada msomi, nilipomsimulia hili alisema, sawa, lakini hao hawakuwa Warangi wala Wagogo, makabila haya yamekuja juzi. Ni kweli, na sidai kwamba fundi wa Kisese ni babu yangu. Watu wamepishana sana katika milima ile. Nachosema ni kwamba hakuna msafara uliokuja kutufundisha kuvaa shanga. Msafara ulileta kioo kwa watu ambao tayari walikuwa na uzi mkononi, ndiyo maana wakawa wakali hivyo kuhusu rangi. Huwezi kuchagua samesame na kukataa sungomaji kama ndiyo kwanza unaona ushanga. Hata pwani, pale Tumbe, Pemba, wenyeji wa karne ya saba mpaka ya kumi wameacha vigae vingi vyenye mifereji ambamo walikuwa wakisugulia shanga za makombe, na jahazi za biashara zinatia nanga mbele yao.

Mwangalie na lugha yenyewe. Kitenzi ni kutunga. Tunatunga shanga, tunatunga shairi, mimba inatunga, na kule upande wa pili wa mji waheshimiwa wanatunga sheria. Wao wana posho, mimi nina mshipi na kibiriti cha kuchomea ncha ya fundo lisifunguke, ila kazi inaitwa jina moja.

Zile saba za kifuu nilizimaliza siku ya pili. Nilidhani hazitauzika, nikazitundika dukani kama pambo tu. Amekuja mama mmoja kutoka Mvumi kununua uzi wa mjukuu, akazishika, akazipitisha kidoleni moja moja kama anahesabu, akauliza bei. Nikamwambia siuzi. Akasema basi nimwekee moja tu katikati ya zile za kioo, ya mtoto. Nikakata uzi, nikatoa ile iliyokuwa na umbo la jino, ambayo sasa ilikuwa duara kama wenzake, nikaitunga katikati ya nyeupe kumi na nyekundu kumi.

Nyeusi alizikataa. Wote wanazikataa. Ninazo karibu nusu kilo tangu kabla ya korona, hazitoki kabisa, na hapa ni Ugogo kwenyewe. Stanley angeshangaa.

Msomaji wenu, Majengo, Dodoma