Maswali ya Wasomaji: Mtungi wa Pikseli 16 kwa 16

SWALI: Shikamooni wahariri. Natengeneza gemu yangu ya kwanza na nataka kuchora vitu vya kuokota: funguo, chupa, mitungi. Nina laptopu ya zamani, na kuchora kwa mkono sijui kabisa. Nitumie programu gani, na nianze na kitu gani?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba. Laptopu hiyo inatosha. Piskel inafunguka ndani ya kivinjari bila malipo, na LibreSprite, ambayo pia ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti. Aseprite ni nzuri sana lakini ni ya kulipia, basi isubiri kwanza.

Kutojua kuchora kwa mkono kusikutie hofu. Turubai, yaani eneo la kuchorea, ya 16 kwa 16 ina pikseli (vimraba vidogo vya rangi) 256 tu, na unaweza kuamua kila moja iwe rangi gani. Ukianza na 64 kwa 64 utakuwa na pikseli 4,096, na hapo wanaoanza hukimbilia brashi nene, wakaishia na madoa wasiyojua yametoka wapi.

Anza na mtungi, kwa sababu pande zake mbili zinafanana. Kwenye Piskel bonyeza V upate penseli ya kioo: unachora kushoto, kulia kunajichora. Hesabu safu kutoka juu na kila safu ikae katikati. Safu ya 1 iache wazi. Ya 2 na ya 3 ni mdomo, upana pikseli 8. Ya 4 ni shingo, pikseli 6. Halafu tumbo: ya 5 upana 10, ya 6 na ya 7 upana 12, ya 8 hadi ya 11 upana 14, ya 12 na ya 13 upana 12, ya 14 upana 10. Ya 15 ni kitako, pikseli 6.

Yote hayo yachore kwa rangi nyeusi tupu, kisha utazame picha ikiwa ndogo. Kama mtu hawezi kutambua kuwa huo ni mtungi, rangi hazitauokoa. Bana shingo au panua tumbo mpaka utambulike. Wengi huiruka hatua hii, nasi tunaamini ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Sasa weka rangi, nne tu. Alama kama #3B1F2B ni namba ya rangi, unaiandika kwenye sehemu ya kuchagua rangi. Mstari wa nje uwe #3B1F2B, unene pikseli 1, na ndani jaza #B5552F. Mwanga utoke juu kushoto, na uwe hivyo kwa kila kitu ndani ya gemu hiyo. Kivuli ni #7A3340: kwenye safu ya 8 hadi ya 11 kipe pikseli 3 za ndani upande wa kulia, kwenye ya 12 na ya 13 pikseli 4, na ya 14 ndani yote. Mwanga ni #E89A4F: doa la upana 2 na urefu 3 begani kushoto, safu ya 7 hadi ya 9, likiachana na mstari wa nje kwa angalau pikseli 1. Ongeza na ndani ya mdomo, safu ya 3.

Angalia jinsi kivuli kilivyoelekea zambarau na mwanga ulivyoelekea njano. Ukitengeneza kivuli kwa kuongeza nyeusi tu, udongo unapoteza uhai. Na usione rangi nne ni chache: Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ya mwaka 1989, ilikuwa na viwango vinne tu vya rangi moja kwa skrini nzima.

SWALI: Mawe na mapipa yangu yana rangi nyingi, lakini yanaonekana yamevimba kama mito. Kosa liko wapi?
*Msomaji, Kisumu*

JIBU: Umezungushia giza ukingoni pande zote na kuweka mwanga katikati. Hivyo mwanga hautoki upande wowote, na jicho linaona kitu laini kilichojazwa pamba. Futa vivuli vyote, chagua upande mmoja wa mwanga, kisha ufuate umbo lenyewe: jiwe lina nyuso bapa, kwa hiyo kila uso upate rangi yake moja na mpaka mkali. Rangi tatu kwa jiwe zinatosha.

SWALI: Mikunjo yangu ina meno meno hata nikichora taratibu.
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Hesabu urefu wa vipande vya mstari, yaani pikseli ngapi zinafuatana kabla mstari haujahama. Ubavu wa mtungi tulioueleza juu, safu ya 5 hadi ya 14, unakwenda 1, 2, 4, 2, 1: unapanda kisha unashuka kwa mpangilio. Ukiwa na 1, 3, 1, 4, jicho linajikwaa. Ondoa pia pikseli za kona, pale vipande viwili vinapokutana kwa pembe mraba badala ya kugusana kwa ncha. Penseli ya Aseprite ina chaguo la Pixel-perfect linaloziondoa zenyewe.

SWALI: Picha ni safi kwenye programu, lakini ndani ya gemu ina ukungu.
*Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Injini ya gemu, yaani programu unayojengea gemu kama Unity au Godot, inapokuza picha huchanganya rangi za pikseli jirani. Ukitumia Unity, bofya picha, weka Filter Mode kuwa Point na Compression kuwa None. Kwenye Godot 4, fungua mipangilio ya mradi, sehemu ya Rendering, Textures, na Default Texture Filter iwe Nearest.

Kuza kwa namba kamili pekee: mara 2, 3, 4. Ukikuza mara 1.5, pikseli nyingine zitakuwa nene na nyingine nyembamba. Vilevile usiweke mtungi uliokuzwa mara 4 karibu na mhusika aliyekuzwa mara 2, maana tofauti ya ukubwa wa pikseli inaonekana mara moja.

Faili ihifadhi kama PNG. JPEG huacha vumbi la rangi kuzunguka kila ukingo na haina uwazi wa nyuma. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, itume kama hati, kwa kuwa ikienda kama picha ya kawaida inabanwa na pikseli zinaharibika.