Wasomaji Wauliza: Johnny Oduya na kazi ya beki wa magongo ya barafuni

Katika toleo lililopita tulimtaja Johnny Oduya kwa sentensi moja tu, ndani ya makala kuhusu michezo ya majira ya baridi, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko za mada nyingine yoyote ya toleo hilo. Tumechagua nne.

Mhariri, salamu. Hapa Kisumu tumebishana kama ni kweli mtu mwenye jina la Oduya amewahi kutwaa Kombe la Stanley huko Marekani. Wenzangu wanasema ni porojo za mitandaoni. Kama ni kweli, alifikaje huko?
Msomaji, Kisumu

Wenzako wameshindwa. Johnny Oduya alizaliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 1 Oktoba 1981, baba yake akiwa Mkenya na mama yake Mswidi, na kombe hilo, la ubingwa wa NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada, amelitwaa mara mbili, mwaka 2013 na mwaka 2015, akiichezea Chicago Blackhawks. Majina ya wachezaji wa timu inayoshinda huchongwa kwenye kombe lenyewe, kwa hiyo mbishi anayetaka ushahidi atalikuta jina hilo limechongwa humo mara mbili. Hata hivyo, haki itendeke kwa Waswidi nao: huko ndiko alikozaliwa na kujifunza mchezo, na jezi ya taifa aliyoivaa ni ya Uswidi, katika Olimpiki ya Vancouver ya 2010 na ile ya Sochi ya 2014, ambako walirudi na medali ya fedha baada ya kufungwa na Kanada mabao 3 kwa 0 katika fainali.

Kuhusu alivyofika, njia yake haikuwa fupi. Kaka yake mkubwa, Fredrik, naye alikuwa beki na aliteuliwa na San Jose Sharks mwaka 1993, katika uteuzi wa kila mwaka ambapo klabu za NHL huchagua vijana kwa zamu, lakini hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi kuu ya NHL. Alifariki mwaka 2011 kwa ajali ya pikipiki. Johnny mwenyewe alivuka bahari akiwa kijana kwenda kucheza ligi ya vijana ya Québec, Kanada, na mwaka 2001 Washington Capitals walimteua katika raundi ya saba, akiwa mtu wa 221 kwa mpangilio. Nafasi ya chini kiasi hicho haimhakikishii kijana chochote, na kweli hakuwahi kuichezea Washington. Alirudi Uswidi akacheza misimu mitano katika klabu za Hammarby, Djurgården na Frölunda, na mwaka 2006, akiwa anatimiza miaka 25, ndipo New Jersey Devils walipomsajili kama mchezaji huru. Wapo wanaoihesabu miaka hiyo ya Uswidi kuwa ya kupotea; mimi naona ndiyo iliyomfanya beki, kwa sababu nafasi hiyo hukomaa polepole kuliko ya ushambuliaji, na kosa la beki chipukizi huonekana papo hapo kwenye ubao wa mabao.

Nimetazama video kadhaa za huyo Oduya na sikuona la ajabu. Hafungi mabao, hapigi chenga, na kila baada ya muda mfupi anatoka uwanjani kwenda kukaa benchi. Analipwa kwa kazi gani hasa?
Msomaji, Dar es Salaam

Ulichokiona ndicho alichokuwa analipwa kukifanya, ila video fupi hukatwa na watu wanaotafuta mabao.

Timu huwa na watu sita barafuni, kipa akiwemo, na kati yao mabeki ni wawili. Uwanja una urefu wa takriban mita 61 na upana wa mita 26, umezungushiwa ukuta, na kinachogombewa ni kisahani cha raba ngumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Mchezaji hukaa barafuni kwa sekunde 45 au zaidi kidogo, akikimbia kwa nguvu zake zote, kisha humpisha mwenzake mchezo ukiwa unaendelea. Kwa hiyo kwenda benchi si adhabu, wala si dalili ya udhaifu. Timu huingia na mabeki sita, yaani jozi tatu, na beki anayeaminiwa hufikisha dakika 20 au 25 kati ya 60 za mechi. Idadi hiyo ya dakika ndiyo kipimo cha kwanza ambacho ningekushauri ukitazame unapotaka kujua thamani ya beki, kwa sababu ndipo kocha anapotoa maoni yake bila kusema neno.

Katika hizo dakika anafanya nini? Anateleza kinyumenyume, akimtazama mshambuliaji anayemjia, na kumwachia upande wa ukutani tu ili asipate njia ya katikati. Mshambuliaji akipiga, beki hujitupa mbele ya mkwaju, na mikwaju mingine huzidi kilomita 150 kwa saa. Kisahani kikiingia kwenye kona ya nyuma yake, hana budi kugeuka na kukifuata huku akijua kwamba kuna mtu anakuja kumbamiza mgongoni, na ndani ya sekunde moja anatakiwa awe ameshaamua ampasie nani. Kipande hicho cha mwisho ndicho ninachokipenda kukitazama kwa Oduya: alikuwa mwepesi wa miguu kiasi kwamba mara nyingi alifika, akageuka na kuondoka kabla ya kubamizwa, na timu nzima ikaanza kushambulia kutoka hapo. Takwimu za mabao hazimpi alama yoyote kwa hilo.

Michezo ya mtoano ya mwaka 2015 inaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Beki mmoja wa Chicago, Michal Rozsíval, alivunjika kifundo cha mguu katika raundi ya pili, na kocha Joel Quenneville hakuwaamini sana waliobaki nyuma yake. Akawabebesha mabeki wanne kazi karibu yote: Duncan Keith, Brent Seabrook, Niklas Hjalmarsson na Oduya. Kwenye hatua ya mtoano mechi iliyo sare huendelea kwa vipindi vya dakika 20 mpaka mtu afunge, na katika mechi ya pili dhidi ya Anaheim walifika kipindi cha tatu cha nyongeza. Mfululizo huo, ambao huisha timu moja inapofikisha ushindi wa mechi nne, ulikwenda mechi saba. Kisha ikaja fainali na Tampa Bay, waliokuwa na washambuliaji wenye kasi kubwa, na Oduya aliendelea kucheza akiwa na jeraha la mkono. Katika mechi ya sita, iliyowapa ubingwa, Tampa hawakupata bao hata moja: ilikuwa 2 kwa 0.

Na kwa kuwa umesema hafungi, tafuta video ya dakika mbili za mwisho za mechi ya sita ya fainali ya 2013, mjini Boston. Chicago walikuwa nyuma 2 kwa 1. Bryan Bickell alisawazisha, na sekunde 17 baadaye Oduya alipiga mkwaju kutoka mbali, ukagonga mwamba na kumwangukia Dave Bolland, aliyeusukuma wavuni. Ndilo bao la ubingwa. Jina lililoandikwa ni la Bolland.

Tunaishi Minnesota, na mwanangu wa miaka 13 amechaguliwa kucheza beki katika timu ya mtaani kwetu. Baba yake anasema ni mdogo wa umbo na ataumizwa. Je, kuna nafasi kwa beki asiye mkubwa?
Mama msomaji, Minneapolis

Dada, wasiwasi wa baba yake una msingi, lakini si kwa sababu ya kimo peke yake. Shirikisho la magongo la Marekani liliondoa ruhusa ya kugongana kimwili kwa watoto wa miaka 12 kwenda chini tangu mwaka 2011, na ruhusa hiyo huanza katika kundi la miaka 13 na 14. Kwa hiyo mwanao yupo katika msimu ule ule ambao jambo hili linaingia. Muulize kocha jinsi anavyowafundisha kupokea pigo karibu na ukuta, na kama hana jibu la kueleweka, hiyo ni sababu ya kutafuta timu nyingine.

Kuhusu umbo, ni kweli kwamba beki aliyecheza mechi nyingi kuliko mabeki wote wa NHL, Zdeno Chára, ana kimo cha sentimita 206. Lakini Tuzo ya Norris, anayopewa beki bora wa msimu, ilikwenda mwaka 2022 kwa Cale Makar na mwaka 2024 kwa Quinn Hughes, na Hughes ana kimo cha takriban sentimita 178. Mchezo wa sasa unamtafuta beki anayeteleza vizuri na kuona mapema. Msihimizane kuchagua njia ya kulipwa sasa hivi. Chuo kikuu kinabaki wazi, na tangu msimu wa 2025 hata vijana waliopitia ligi kuu za vijana za Kanada wanaruhusiwa kucheza vyuoni Marekani, jambo ambalo zamani lilikatazwa kwa kuwa ligi hizo zilihesabiwa kuwa za kulipwa.

Nimesoma kwamba Oduya alipita klabu saba. Je, alikuwa mkorofi, au alikuwa anafuata pesa?
Msomaji, Nairobi

Si moja wala si jingine, kwa sehemu kubwa. Katika NHL klabu inaweza kumbadilisha mchezaji na mwingine bila kumuuliza, isipokuwa mkataba wake una kipengele cha kuzuia hilo. Mwezi Februari 2010 New Jersey walimtaka mfungaji Ilya Kovalchuk, na Oduya alikuwa sehemu ya malipo waliyoipa Atlanta Thrashers. Mwaka uliofuata Atlanta yenyewe iliuzwa na kuhamishiwa Winnipeg, Kanada, na wachezaji wakahama nayo. Februari 2012 Winnipeg wakampeleka Chicago kwa kubadilishana na nafasi mbili za kuteua chipukizi. Hapo ametoka miji mitatu na hajaulizwa hata mara moja.

Dallas ndiko alikokwenda kwa hiari yake mwaka 2015, na hapo unaweza kusema pesa ilihusika: Chicago walikuwa wamebanwa na kikomo cha mishahara ambacho ligi huiwekea kila klabu, na bingwa ndiye huumia zaidi maana kila mchezaji wake hupanda bei. Dallas walimrudisha Chicago mwaka 2017. Akasaini Ottawa, na Februari 2018 Ottawa walipomweka wazi kwa klabu yoyote inayomtaka, Philadelphia wakamchukua. Ulikuwa msimu wake wa 12 na wa mwisho katika ligi hiyo, akiwa amecheza zaidi ya mechi 800. Mswidi mwenzake Nicklas Lidström alikaa Detroit misimu 20 bila kuhama na kutwaa Tuzo ya Norris mara saba, lakini maisha ya namna hiyo ni ya wachache mno. Beki wa kawaida wa NHL, hata aliye mzuri, mkoba wake haukai mbali na mlango, hasa mwezi Februari, klabu zinapokimbizana kufunga biashara kabla dirisha la kubadilishana halijafungwa.