Suti ya milimita 5 na bado natetemeka: nichukue nene zaidi?

SWALI: Habari mtaalamu. Ninateleza mawimbini kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 12 za Sentigredi. Nilinunua suti ya neoprini iliyotumika, imeandikwa 5/4/3, na ninaivaa pamoja na buti. Haiishi nusu saa nimeshaanza kutetemeka. Kila nikizama na ubao kupita chini ya wimbi, nasikia maji ya baridi yakishuka mgongoni. Je, ninunue ya milimita 6?

JIBU: Usinunue bado, ndugu yangu. Hayo maji yanayoshuka mgongoni ndiyo yaliyonipa jibu. Kwa maji ya nyuzi 10 hadi 12, unene wa suti yako unatosha. Namba zako zinasema kiwiliwili ni milimita 5, miguu 4, mikono 3, na hicho ndicho kipimo ambacho hata mimi ningekuchagulia. Kasoro ni kwamba suti haijakushika mwilini, au mshono umeachia. Ukichukua ya 6 yenye kasoro hiyohiyo, utatetemeka vilevile, na mabega yatachoka mapema kwa kupambana na mpira mzito kila unapovuta maji.

Wengi huamini kwamba maji yanayoingia ndani ndiyo yanayotia joto. Sivyo. Neoprini ni mpira uliojaa vipovu vidogo vya gesi, kila kimoja kimejifunga peke yake, na gesi hiyo ndiyo inayozuia joto lako lisitoke. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California aliyebuni suti ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitambua kwamba mtu si lazima awe mkavu ili asipate baridi, mradi kizuizi cha joto kimo ndani ya vazi lenyewe. Maji machache yaliyotulia kati ya ngozi na mpira hayana neno, mwili huyapasha yakaisha makali. Balaa ni maji yanayoingia na kutoka. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo kila yanapobadilika, mwili wako unaanza kazi upya.

Sasa ikague hiyo suti. Ivae ikiwa kavu, usimame wima, kisha umwombe mtu ajaribu kuukunja mpira kwa vidole hapo kiunoni nyuma, mahali mgongo unapobonyea. Akipata mkunjo wa kushika, hapo pana mfuko wa maji. Angalia na makwapa, nyuma ya magoti, na shingo. Shingo ikipwaya kiasi cha kupitisha vidole viwili bila shida, ndiko maji yanakopitia, hasa kama zipu iko mgongoni. Zipu ya kifuani haivuji sana kama ya mgongoni, na ndiyo ninayoipendelea kwa maji ya baridi. Kisha inua mikono yote miwili na uchuchumae. Suti inayokutosha hubana kama ngozi ya pili, lakini pumzi inaingia yote.

Jaribio la mshono ni rahisi. Geuza mkono wa suti ndani nje, funga ncha kwa kuikunja, mimina maji ndani yake, halafu uukamue taratibu. Matone yakichomoza kwenye nyuzi, umempata mwizi. Uwazi mdogo unaweza kuuziba mwenyewe kwa gundi ya neoprini: paka safu nyembamba pande zote mbili, subiri ianze kunata, kisha bana. Ila ukikuta mishono bapa ambayo sindano imetoboa mpira mpaka upande wa pili, jua kwamba suti hiyo haikutengenezwa kwa maji ya baridi, hata iwe nene vipi. Unayoihitaji ni mishono iliyogundishwa kwanza, kisha ikashonwa bila sindano kutokeza upande wa pili.

Kwa kuwa ulinunua iliyotumika, ubonyeze mpira kwa kidole gumba, kifuani na mgongoni. Neoprini nzima hurudi mara moja. Iliyochoka hubaki na shimo, kwa sababu vipovu vyake vimeshasagika. Ya 5 iliyochoka haikupi tena joto la milimita 5.

Vipimo vyenyewe hubadilika kwa mtu na mtu, lakini mimi huanzia hapa (zikiwa namba mbili tu, ya kwanza ni kiwiliwili, ya pili ni miguu na mikono): maji ya nyuzi 17 hadi 20, suti ya 3/2; nyuzi 13 hadi 16, ya 4/3; nyuzi 9 hadi 12, ya 5/4 au 5/4/3 pamoja na buti, glavu na kofia; chini ya hapo, ya 6/5 yenye kofia iliyoshonwa pamoja nayo. Mtu mwembamba, au anayekaa muda mrefu juu ya ubao akisubiri wimbi, apande ngazi moja. Upepo nao uhesabu. Kitambaa cha nje kilicholowa hupoa haraka upepo ukivuma, ndiyo maana suti nyingi za baridi huachwa mpira mtupu kifuani na mgongoni.

Hukutaja kofia wala glavu. Kabla ya kufikiria milimita 6, pata kofia inayoshuka mpaka shingoni na kuingia chini ya ukosi wa suti, maana inaziba mlango wa maji na kufunika kichwa kwa pamoja. Inakulinda pia masikio: maji ya baridi na upepo, miaka ikipita, huotesha mfupa ndani ya tundu la sikio.

Na tafadhali, vidole vikikataa kukutana unapovibana pamoja, toka majini hapohapo, hata kama mawimbi ndiyo kwanza yamekuwa mazuri. Mikono ya namna hiyo haiwezi kukurudisha ufukweni mkondo ukikuchukua.