Ping si kifupisho, ni mlio

Mleta mada ameuliza mambo matatu: neno ping (programu ya kompyuta inayotuma ujumbe na kupima jibu linachukua muda gani kurudi) lina maana gani, kama ni kweli ni kifupisho kama alivyofundishwa chuoni, na kwa nini vijana wa gemu wanalalamika kila siku kwamba "ping iko juu", yaani jibu linachelewa kurudi. Nimekuwa fundi wa mitandao tangu enzi za intaneti kafe zenye dishi kubwa juu ya bati, na neno hili liko mdomoni mwangu kutwa nzima, kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu.

Ping ni mlio. Waingereza walikuwa wakiliandika tangu karne ya 19 kuigiza sauti ya risasi inapogonga kitu kigumu. Ni tanakali sauti, kama sisi tulivyoipa pikipiki jina kwa jinsi injini yake inavyolia. Mwanzoni mwa karne ya 20 tenisi ya mezani ikauzwa Uingereza kwa jina la Ping-Pong, kwa sauti ya kijipira kikipigwa huku na kule. Mwaka 1959 Karsten Solheim, Mmarekani mzaliwa wa Norway, akatengeneza fimbo ya gofu iliyotoa mlio huo kila ilipogonga mpira, naye akaiita Ping. Kampuni aliyoianzisha ina jina hilo hadi leo.

Ping yetu ya kompyuta imetoka baharini. Katika Vita Kuu ya Pili, meli zilizowinda nyambizi zilikuwa zikirusha mlio mkali majini na kusikiliza mwangwi. Sauti majini huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, basi mlio umetumia sekunde moja kwenda na moja kurudi, na kitu kilichourudisha kiko umbali wa mita 1,500. Mwangwi usiporudi, mbele hakuna kitu. Wanamaji wakauita mlio huo ping, na mtu yeyote aliyewahi kutazama filamu ya nyambizi ameshausikia.

Sasa twende Maryland, Marekani, Desemba 1983. Mike Muuss alikuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi ya utafiti wa balistiki (mwendo wa risasi na makombora) pale Aberdeen, na mtandao wao ulikuwa na hitilafu. Alikumbuka maneno ya David Mills, mtaalamu mwenzake, juu ya kupima muda kwa ujumbe wa mwangwi. Ujumbe huo tayari ulikuwa umewekwa katika kanuni za ICMP (taratibu za kompyuta kupeana taarifa za hali ya mtandao) zilizochapishwa mwaka 1981: kompyuta moja inatuma ombi, nyingine inalazimika kulirudisha kama lilivyo. Muuss akakesha akiandika programu ya kutuma ombi hilo na kuhesabu muda wa jibu. Kwa kuwa chuoni alishawahi kushughulika na sona (ule utaratibu wa meli wa kurusha mlio na kusikiliza mwangwi) na rada, akaiita ping. Kulipopambazuka, hitilafu ile ilikuwa imeshapatikana na kurekebishwa kabla hajarusha ping ya kwanza! Baadaye aliandika kwamba angejua kazi ile ya usiku mmoja ndiyo ingempa umaarufu kuliko zote, labda angeiongezea siku moja au mbili. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2000.

Kuhusu kifupisho: maneno Packet InterNet Groper, yanayodaiwa kuwa ndiyo urefu wa PING, yapo vitabuni, na nadhani ndiyo aliyofundishwa mleta mada. Lakini yamebandikwa baadaye. Muuss mwenyewe alieleza kwamba kwake jina lilitoka kwenye sona, na kwamba alisikia tu kwa watu kuwa Mills ndiye aliyelitungia urefu huo. Binafsi inaniuma kuona wanafunzi wanakaririshwa kifupisho na kunyimwa picha ya meli inayosikiliza gizani, kwa sababu ukishaielewa picha hiyo umeshaielewa programu yenyewe.

Muuss alipenda kusimulia kisa alichopewa na msimamizi mmoja wa mtandao. Ofisini kwake kulikuwa na waya unaokatakata. Akaunganisha programu ya ping na programu ya kutamka maneno, akaitoa kwenye spika kwa sauti kubwa, kompyuta ikawa inapiga kelele "ping, ping, ping" kila sekunde. Yeye akazunguka jengo zima akitikisa kiungio kimoja baada ya kingine, mpaka alipogusa kimoja sauti ikakatika. Waya mbovu ukawa umejitaja.

Nije kwenye namba. Enzi za dishi, ping ya kwenda Ulaya ilikuwa milisekunde 600 na ushei (milisekunde 1,000 ni sekunde moja), na mteja alidhani tunamwibia. Ukweli ni kwamba setilaiti ambayo dishi lilikuwa likiwasiliana nayo iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka, jumla kilomita 144,000. Hata kwa kasi ya mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde. Kebo ya intaneti ya chini ya bahari ya Seacom ilipotua Mombasa na Dar mwaka 2009, niliona namba zikishuka chini ya 200 kwenye skrini ileile. Na Mei 2024, Seacom na EASSy, kebo nyingine ya baharini, zilipokatika pamoja, wengi waliorusha ping nje ya nchi waliona mistari ya majibu ikipotea.

Kwa vijana wa gemu: mwanga ndani ya kebo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva (kompyuta inayoendesha gemu) iliyo mbali kwa kilomita 10,000 za kebo haiwezi kukupa chini ya milisekunde 100 kwenda na kurudi. Bando kubwa halisogezi seva. Chagueni seva iliyo karibu. Kabla ya kulaumu mtandao, rusheni ping kwenye ruta ya nyumbani (kile kifaa kinachogawa intaneti) kwanza, mara nyingi anwani yake ni 192.168.1.1. Ikirudi na 80, mara 5, mara 200, tatizo ni waifai yenu, sogeeni karibu au tumieni waya. Ikiwa ya ruta imetulia kwenye 2 au 3 halafu ya nje ndiyo inarukaruka, hapo mpigieni mtoa huduma na mumsomee namba zote mbili.