Kuendesha baiskeli ndani wakati wa baridi: anza na feni, ratiba baadaye

Mkuu, umesema baridi imekufungia ndani, umefunga baiskeli kwenye treina (kile kifaa kinachoishikilia ili ukanyage ukiwa palepale ndani), ukaziba madirisha ili chumba kiwe na joto, na sasa mapigo ya moyo yanafika 170 kwa juhudi ambayo barabarani hukupa 150. Dakika ya 25 miguu inakataa. Unauliza kama treina ni mbovu au wewe ndiye uliyeshuka, na ufanye mazoezi gani mpaka hali ya hewa itulie.

Treina ni nzima, na wewe hujashuka. Shida yako ni joto. Nakwambia hivi kwa uhakika kwa sababu msimu wangu wote wa kwanza nilifanya kosa hilohilo: mlango umefungwa, fulana ya mikono mirefu mwilini kwa kuwa nje kuna baridi kali, nikiamini kwamba kuloa chapachapa ndiyo dalili ya mazoezi mazuri. Nilimaliza msimu nikiwa nimechoka na sina nilichopata.

Ukiwa juu ya baiskeli, mwili wako hugeuza kama asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati unayoichoma kuwa nguvu ya kusukuma pedali. Iliyobaki yote ni joto. Ukikanyaga wati 200 (wati ni kipimo cha nguvu unayoiweka kwenye pedali), maana yake mwili unazalisha pia joto la wati 600 hadi 800, kama hita ndogo ya umeme iliyowashwa muda wote ulio juu ya siti. Barabarani huoni tatizo, kwa sababu ukienda kilomita 30 kwa saa upepo unaoupasua wewe mwenyewe unalichukua joto hilo na kukausha jasho hata kabla hujalihisi. Ndani upepo huo hakuna. Jasho linadondoka sakafuni, na jasho lililodondoka halipoozi mtu. Linalopooza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Hapo moyo unabebeshwa kazi mbili kwa pamoja, kupeleka damu mapajani na kupeleka nyingine kwenye ngozi ili joto lipate pa kutokea. Maji nayo yanapungua mwilini, ujazo wa damu unashuka, kila pigo linasukuma damu pungufu kuliko mwanzo, basi moyo unafidia kwa kupiga haraka zaidi. Wati zimesimama palepale, mapigo yanapanda.

Nililipima hili mwenyewe baada ya kuchoka kubahatisha. Siku mbili, dakika 40 kila siku, wati 170 bila kubadilisha. Siku ya kwanza nilifunga madirisha kama kawaida yangu: dakika ya 10 mapigo yalikuwa 142, dakika ya 40 yakafika 167, na nilikuwa nahesabu sekunde zilizobaki. Siku ya pili nilifungua dirisha na kuweka feni kubwa ya kusimama hatua mbili mbele yangu, ikielekea kifuani. Dakika ya 10 mapigo 138, dakika ya 40 mapigo 146. Miguu ileile, baiskeli ileile, wati zilezile. Nikashuka nikijisikia ningeweza kuendelea nusu saa nyingine.

Kwa hiyo pesa yoyote uliyopanga kutumia kwenye programu au viatu vipya, toa kwanza ya feni. Ile ndogo ya mezani haitoshi. Mimi natumia mbili, moja mbele chini inayopuliza kuanzia mapajani hadi kifuani, nyingine nyuma kwa pembeni inayopiga mgongo, maana mgongo huwa unasahaulika na ndio unaoloa zaidi. Baridi unayoikimbia iko upande wako, mkuu, iruhusu iingie. Panda ukiwa na koti jepesi, pasha mwili dakika kumi hadi kumi na tano bila haraka, kwa sababu misuli iliyopoa haipendi kushtuliwa, na ukianza kuhisi unyevu mgongoni vua koti na uwashe feni hapohapo. Usisubiri mpaka uloe. Mwili ukishapata joto sana, kuurudisha chini huku unaendelea kukanyaga ni kazi ngumu.

Kuhusu maji usikisie. Jipime uzito kabla ya kupanda na baada ya kushuka, jasho likiwa limefutwa. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji, kisha ujumlishe na yale uliyokunywa katikati. Mara ya kwanza nilipojipima nilipungua kilo 1.3 kwa saa moja, na chupa nzima nilikuwa nimekunywa. Sasa naweka chupa mbili, na zoezi likizidi saa moja, moja kati yake inakuwa na chumvi kidogo na sukari.

Jasho lina ubaya mwingine ambao watu hawausemi mapema. Mwisho wa ule msimu wa kwanza nilitaka kubadilisha utepe wa usukani. Nilipoanza kuukunjua, chini yake ukatoka unga mweupe kama chokaa. Pale ambapo mikono yangu hukaa siku zote alumini ilikuwa imeliwa vishimovishimo, ukipitisha ukucha unakwama. Bolti mbili kati ya nne zinazobana usukani zilikuwa zimeshika kutu, na moja ilikatika nilipojaribu kuifungua, nikabaki nimeshika kichwa chake kwenye kifunguo. Nilikaa chini nikaitazama muda mrefu, kwa sababu wiki iliyofuata nilikuwa nimepanga kushuka na usukani huohuo kwenye mteremko mkali. Nikautupa.

Tangu siku hiyo natandika taulo juu ya usukani likining'inia hadi kwenye paipu la juu, la pili naliweka karibu la kufutia uso. Nikishuka, kabla hata ya kuoga, nafuta baiskeli kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha kikavu, hasa kwenye bolti za usukani, beringi za mbele na breki. Kila mwezi nafungua bolti hizo moja moja, nazifuta, nazipaka grisi, nazirudisha kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kifaa chenyewe. Chini ya treina weka zulia la mpira. Linalinda sakafu, na anayekaa chumba cha chini yako atapata usingizi.

Sasa mazoezi. Faida kubwa ya treina ni kwamba hakuna mteremko, hakuna taa za barabarani, hakuna kuacha kukanyaga. Saa moja ni saa moja kweli. Ndiyo maana sikushauri ubebe ile safari yako ya saa nne uilete chumbani. Mimi sipiti dakika 90, na siku nyingi nashuka baada ya 60.

Kwanza ujue kiwango chako, na ukipime ndani, kwa sababu watu wengi namba yao ya ndani huwa chini kuliko ya barabarani. Pasha mwili vizuri, kisha kanyaga dakika 20 kwa nguvu yote unayoweza kuitunza bila kufa katikati. Chukua wastani wa wati, toa asilimia 5, hiyo ndiyo FTP yako, yaani takriban kile unachoweza kukishikilia kwa karibu saa nzima. Usiruke kwa kasi dakika tano za mwanzo. Hapo ndipo karibu kila mtu anaharibu kipimo. Kama treina yako haitoi wati, tumia mapigo na pumzi. Ukiweza kuongea sentensi nzima, uko kwenye mwendo mwepesi. Ukiweza maneno matatu manne tu, unakaribia kizingiti, yaani kile kiwango cha FTP. Ukishindwa hata neno, umekipita.

Wiki yangu ya baridi ina siku tatu za treina, basi. Siku ya kwanza ni ya karibu na kizingiti: dakika kumi mara tatu, kwa asilimia 88 hadi 94 ya FTP, na dakika tano nyepesi kati yake. Kila wiki naongeza dakika mbili kwa kila kipande mpaka nifike kumi na sita, halafu naviunganisha kuwa viwili vya dakika 20. Ni zoezi lisilo na mbwembwe, na kwangu ndilo lililonibadilisha kuliko mengine yote. Barabara zinapokauka unajikuta unapanda mlima uleule kwa gia nzito zaidi na huelewi ilianza lini.

Siku ya pili ni ya kutesa mapafu. Dakika nne mara nne, mapigo yakifika asilimia 90 hadi 95 ya kiwango chako cha juu, na dakika tatu za mwendo mwepesi katikati. Mtindo huu umepata jina kubwa kutokana na kazi za watafiti wa Norwei. Usihangaike kama dakika ya kwanza mapigo hayajafika. Moyo unachelewa kufuata miguu. Ukijilazimisha yafike upesi, kipande cha tatu hutakimaliza.

Najua utaambiwa ufanye Tabata kwa sababu ni dakika nne tu. Utafiti wa Izumi Tabata uliotoka mwaka 1996 ulifanyika kwenye baiskeli ya ndani: sekunde 20 za kukanyaga kwa nguvu ya karibu asilimia 170 ya ile inayomaliza uwezo wa mwili kutumia oksijeni, sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane hadi mtu aishiwe kabisa. Wengi wanaosema wamefanya Tabata wamefanya kitu chepesi zaidi cha sekunde hizohizo. Kwa mtu aliye wiki ya pili ya treina, achana nayo. Jenga msingi kwanza.

Siku ya tatu ni mwendo mwepesi, asilimia 56 hadi 75 ya FTP, dakika 60 hadi 75. Hapa ndipo uchovu wa akili unapoingia. Mimi nagawa muda: dakika kumi mizunguko 85 ya pedali kwa dakika, dakika tano mizunguko 100, dakika moja nimesimama kwenye pedali kwa gia nzito, kisha narudia. Filamu naitazama siku hii tu. Siku za vipande vigumu nataka muziki na saa mbele yangu, kingine chochote kinanipotezea umakini.

Simama kwenye pedali kila baada ya dakika kumi hata kama hujasikia maumivu. Barabarani baiskeli inayumba chini yako na unajisogeza bila kujua. Kwenye treina imekazwa, uzito wote unakaa sehemu ileile ya siti, na pakiloa jasho ngozi inachubuka. Bukta ivue mara tu unaposhuka, uoge. Usikae nayo ukipitia takwimu zako kwenye simu.

Kama treina yako ni ile ya kisasa inayoshikilia wati yenyewe, kuna mtego mmoja. Ukichoka na mizunguko ikashuka, inaongeza ugumu ili wati zibaki zilezile, ugumu unashusha mizunguko zaidi, mwishowe pedali zinagoma kama umekanyaga ukuta. Sekunde tano kabla ya kila kipande kigumu ongeza mizunguko, uingie ukiwa 95 hivi. Zikigoma, acha kukanyaga kidogo hadi mzigo uachie, kisha uanze upya. Usipigane nayo kwa magoti. Na kama ni ile ya roli inayosugua tairi, jaza upepo uleule kila mara, kaza roli mizunguko ileile, na usilinganishe namba kabla haijapata moto dakika kumi. Tairi ya kawaida hapo inaisha upesi na kuacha vumbi jeusi kama masizi, kwa hiyo tafuta ile ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya treina.

Umesema pia una wasiwasi kwamba mazoezi ya ndani hayahesabiki. Mwaka 2016 Mathew Hayman, mwendesha baiskeli wa kulipwa wa Australia, alianguka mwezi wa Februari kwenye mbio za Omloop Het Nieuwsblad huko Ubelgiji akavunjika mkono. Hakuweza kwenda barabarani, akawa anakanyaga treina kwenye gereji yake akiwa na Zwift, programu ya kuendesha baiskeli ndani, kwenye skrini. Aprili mwaka huohuo alishinda Paris-Roubaix, mbio maarufu za Ufaransa, akimpita bingwa wa Ubelgiji Tom Boonen kwenye mbio za mwisho uwanjani. Yule alikuwa na miaka mingi ya kazi miguuni, silinganishi, ila kazi aliyoifanya mle gerejini moyo na mapaja yake waliihesabu.

Wiki hii usiguse vipande vigumu, mkuu. Tafuta feni, fungua dirisha, kanyaga dakika 40 kwa wati zilezile zilizokupa 170, ukiwa na chupa mbili na taulo. Andika mapigo ya dakika ya 10 na ya dakika ya 40, uniletee namba zote mbili hapa. Zikiachana kwa zaidi ya mapigo kumi bado kuna joto la kutoa, tutaangalia feni umeiweka wapi. Zikikaribiana, Jumanne anza na zile dakika kumi mara tatu.